Nyumba ya Kujipikia Ugenini
Ninaposafiri nje ya nchi, napendelea kupanga nyumba yenye jiko kuliko kulala hotelini, kwa kuwa ninakula saa ninayotaka mwenyewe. Hata hivyo, picha za mtandaoni hazielezi kila kitu. Nyumba niliyofikia safari hii ina jiko la induksheni, lile la kioo cheusi ambalo hupasha moto vyombo vinavyonasa sumaku tu. Sufuria ya alumini niliyoikuta kabatini ilikaa juu yake ikiwa baridi kabisa (aliyeiweka humo sijui alikusudia nini). Sasa, kabla ya kulipa, humwuliza mwenye nyumba kuhusu vyombo, amana itarudishwa lini, na kama ufunguo hukabidhiwa mkononi au huachwa kwenye kisanduku chenye namba ya siri, jambo lenye uzito kwa anayewasili usiku wa manane.