Santuri ya ngoma ya Art Blakey

Wapenzi wa jazi, itafuteni The African Beat ya mpiga dramu Art Blakey, iliyorekodiwa Englewood Cliffs, New Jersey, Januari 1962 chini ya lebo ya Blue Note. Wengi tunamjua Blakey na bendi yake ya Jazz Messengers, lakini humu hakuna piano wala tarumbeta, ngoma ndizo zinazoongoza. Solomon Ilori wa Nigeria anaimba na kupiga ngoma inayosema. Yusef Lateef anahama kutoka filimbi kwenda saksafoni, hadi kalimba, ala ya kupigwa kwa vidole gumba, ndugu yake ilimba ya Wagogo. Na Curtis Fuller, bingwa wa tromboni, naye kashika ngoma! Jana niliirudia mpaka jirani akaja kuuliza ni muziki gani huu. Nikampa kiti, tukaianza upya.