Hoki ya barafu ya wanawake vyuoni Marekani: uliza nani analipia barafu

Msimamo wa hoki ya wanawake ya vyuo vikuu vya Marekani humchanganya anayeufungua mara ya kwanza. Chuo kimoja kina timu mbili zisizokutana kamwe. Chuo cha daraja la pili kinawania kombe lilelile wanalowania Chuo Kikuu cha Minnesota, moja ya timu kubwa. Harvard, ambaye hatoi hata senti ya ufadhili wa michezo, yumo ligi moja na vyuo vinavyotoa. Wote huitwa wachezaji wa ridhaa. Ili kupambanua nani ni nani, anza kwa kuuliza bili ya uwanja wa barafu inakwenda kwa nani.

Ngazi ya juu ni NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, na huko bili inalipwa na chuo. Ubingwa wake wa wanawake ulianza 2001, na wa kwanza kuuchukua walikuwa Minnesota Duluth. Timu ni arobaini na kitu tu, ndiyo maana daraja la kwanza na la pili hucheza kombe moja. Daraja la tatu lina kombe lake. Vyuo vimejigawa katika miungano mitano: WCHA, Hockey East, ECAC, Atlantic Hockey America na NEWHA. Bingwa wa kila muungano anafuzu moja kwa moja, nafasi sita zinajazwa kwa viwango vya kitaifa, jumla timu 11. Tano bora hazichezi raundi ya kwanza.

Kwa miaka mingi kila chuo cha daraja la kwanza kiliruhusiwa kugawa ufadhili kamili 18, na kocha aliweza kuukatakata: huyu nusu, yule robo. Tangu Julai 2025, baada ya maridhiano ya kesi ya House, ambayo wanamichezo waliishtaki NCAA kuhusu malipo, vyuo vilivyokubali masharti havina tena kikomo cha ufadhili bali cha kikosi: wachezaji 26. Vinaweza pia kuwagawia wanamichezo sehemu ya mapato, ingawa sehemu kubwa ya fungu hilo huishia kwa mpira wa miguu wa Kimarekani na kikapu cha wanaume. Usidanganyike kwamba msichana wa hoki amekuwa tajiri. Na wachezaji kutoka Kanada, ambao ni wengi, wapo kwa viza ya mwanafunzi, na viza hiyo huwabana hata wanapopata mdhamini wa matangazo.

Anayetaka kuingia ngazi hii ajue kalenda. Kocha hawezi kuzungumza naye habari za kusajiliwa kabla ya Juni 15 baada ya mwaka wake wa pili wa sekondari ya juu, na ziara rasmi ya chuoni ni kuanzia Agosti 1 inayofuata. Anahitaji masomo ya msingi 16 yanayotambuliwa na NCAA, wastani wa alama usiopungua 2.3 kati ya 4 kwa daraja la kwanza, na akaunti katika kituo cha NCAA cha kuhakiki sifa. Wengi hukwama kwenye masomo, wala si uwanjani: somo lililosomwa mtandaoni halikutambuliwa, au hesabu imerudiwa na mara ya pili haihesabiki. Ahadi ya mdomo ya kocha haina nguvu. Kinachomfunga ni mkataba wa ufadhili uliosainiwa.

Akishaingia, sheria inasema saa 20 za michezo kwa wiki, zisizozidi 4 kwa siku, na siku moja ya kupumzika. Ila siku ya mechi huandikwa saa 3 hata kama imekula siku nzima, na safari haihesabiwi kabisa. Bemidji State wako kaskazini ya jimbo la Minnesota, Ohio State wako Columbus, na ni wapinzani wa muungano mmoja: zaidi ya kilomita 1,500 kwa barabara. Kwa kawaida WCHA hucheza Ijumaa na Jumamosi na mpinzani yuleyule, safari moja kwa mechi mbili. ECAC vyuo viko karibu karibu, basi timu hucheza na wapinzani wawili tofauti wikiendi moja.

Mechi ni vipindi vitatu vya dakika 20. Kumbamiza mwenzako kwa mwili ni faulo, kwa hiyo mchezo unategemea pasi na kasi. Sare ya msimu wa kawaida huenda dakika tano za wachezaji watatu kwa watatu, bila kuhesabu makipa. Miungano mingine huongeza mikwaju, lakini kwenye viwango vya kitaifa mechi iliyoamuliwa kwa mikwaju hubaki sare. Kwenye kombe hakuna mikwaju, wanacheza mpaka goli lipatikane. Fainali ya 2025 ndiyo somo zuri: Wisconsin wako nyuma 3-2 dhidi ya Ohio State, kocha Mark Johnson anaomba picha zirudiwe, mwamuzi anaona mchezaji wa Ohio State amefunika kwa mkono kisahani kinachochezewa, ndani ya eneo la kipa. Hiyo ni penalti. Kirsten Simms akafunga zikiwa zimebaki sekunde 18.9, kisha akafunga tena muda wa nyongeza.

Kulipiwa na chuo kuna ubaya wake, kwani mlipaji anaweza kufunga mfuko. North Dakota ndio waliokatisha mfululizo wa Minnesota wa ushindi 62, Novemba 2013. Mwaka 2017 chuo kikaifuta timu hiyo kwa sababu za bajeti, na haikusaidia kitu kwamba ilikuwa na wachezaji wa Olimpiki.

Chini ya NCAA kuna hoki ya klabu, chini ya chama cha ACHA, na hapa mlipaji ni mchezaji mwenyewe. Hii ndiyo ile timu ya pili ya chuo. Piga hesabu ya mfano: barafu dola 300 kwa saa, mazoezi mawili ya saa moja kwa wiki, wiki 22. Ni dola 13,200. Wachezaji 18 wakigawana, kila mmoja atoe kama 733, kabla ya waamuzi, basi, hoteli na jezi. Barafu ya bei nafuu hupatikana usiku wa manane, watoto na timu za wenye uwanja wakishamaliza.

Rais wa klabu kwa kawaida ni mwanafunzi. Yeye ndiye anayeandika barua za uwanja, anakusanya ada na kuhakiki kwamba kila jina limesajiliwa kwa masomo ya muda wote. Klabu nyingi hufa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kipa mmoja tu: akiumia Januari, msimu umekwisha, maana vifaa vya kipa ni ghali na hakuna anayejifunza nafasi hiyo kwa wiki mbili. Ya pili ni rais kuhitimu na nywila ya akaunti ya klabu. Klabu zinazodumu huchagua makamu wa mwaka wa pili, humpa saini benki mapema, na hukusanya nusu ya ada Agosti, kabla ya saa ya kwanza ya barafu kulipiwa.