Montego Bay hadi Negril: panda nini, shukia wapi

Kutoka uwanja wa ndege wa Sangster, ulioko Montego Bay nchini Jamaika, hadi mji wa ufukweni wa Negril ni kama kilomita 80. Ukiangalia ramani unadhani ni saa moja. Weka saa moja na nusu siku ikiwa njema, mbili siku za kawaida. Barabara ya pwani inapita katikati ya miji midogo, Hopewell, Sandy Bay, Lucea na Green Island, na kila mmoja una wanafunzi wanaovuka na gari lililosimama kushusha mzigo.

Kinachoamua utapanda nini ni mzigo wako, wala si umbali. Mwenye sanduku kubwa achukue basi la kampuni lenye ratiba na tiketi ya kununua mapema, au akodi teksi nzima na kukubaliana bei, pamoja na fedha itakayotumika, kabla buti halijafunguliwa. Dola ya Jamaika na ya Marekani zote huitwa dola tu, na ugomvi mwingi huanzia hapo.

Mwenye begi la mgongoni anaweza kwenda kwa teksi za ruti. Ni gari ndogo zinazokwenda njia moja, kila abiria analipa nauli yake, na nyuma mnabanana wanne. Hazipakii uwanjani, fika kwanza kwenye stendi ya mjini. Kwa kawaida hupati gari moja mpaka Negril: unashuka Lucea, karibu nusu ya njia, unapanda nyingine. (Saa ya mnara wa Lucea, wenyeji husema, ilikuwa iende kisiwa cha Saint Lucia ikaletwa hapo kimakosa.) Gari haliondoki mpaka lijae, na jioni hupungua, kwa hiyo ukitua saa kumi na moja jioni sahau mpango huu.

Tazama namba za gari. Teksi halali ina kibao chekundu kinachoanza na P. Yenye kibao cheupe inayopakia abiria huitwa "robot": haina leseni ya kazi hiyo. Ukiingia kwenye teksi tupu, sema wazi kwamba unalipa kiti kimoja, la sivyo dereva atahesabu umemkodi yeye na gari lake. Beba noti ndogo. Ukimpa noti ya 5,000 kwa safari fupi, chenji itageuka kesi.

Ukifika Negril, jiografia ni nyepesi. Kuna kipilefti kimoja katikati ya mji. Kaskazini yake Norman Manley Boulevard inafuata ufuo, tambarare na pana. Upande wa pili West End Road inapanda juu ya majabali kuelekea mnara wa taa, nyembamba, yenye kona, na sehemu kubwa haina njia ya waenda kwa miguu. Teksi hupita njia zote mbili mchana kutwa: simama pembeni, nyoosha mkono, taja unakoshukia. Usiku usitembee West End; dereva anayekuja konani hakuoni mpaka amekufikia.

Kwa kuwa teksi zipo mchana kutwa, mtu wa ufukweni akikodi gari kwa wiki nzima analipia gari la kuegesha tu. Likodi kwa siku moja au mbili za kwenda maporomoko ya maji ya Mayfield au YS. Jamaika huendesha kushoto, na kikomo ni kilomita 50 kwa saa mjini, 80 nje ya mji. Honi fupi huko ni salamu, shukrani, au "naovateki", mara nyingi konani, basi mwachie anayeipiga apite. Baada ya mvua dimbwi lichukulie kuwa ni shimo: likwepe kama njia ni tupu, vinginevyo punguza mwendo kabla ya kuliingia, kwa sababu ukifunga breki ukiwa ndani yake, pua ya gari inainama na rimu ndiyo inayopokea pigo. Kabla ya kusaini mkataba fungua buti uangalie tairi la akiba lina upepo, na jeki na spana ya nati za magurudumu vipo.