Shemegi wa Arusha na popo wa Pemba

Shemegi wangu kazi yake kupeleka wageni milimani, Oldoinyo Lengai kashaupanda mpaka kauchoka, ule mlima wa moto unaotema lava nyeusi ikishapoa inapauka ikawa nyeupe, sasa mtu kama huyo ukimwambia njoo tukutembeze Pemba anakutazama tu. Ati mtanionesha nini, mikarafuu? Dada akamkomalia, wakaja. Tukalala Chake, asubuhi tukachukua Noah ya kukodi tukatoka na chapati zetu na chai kwenye chupa.

Mikarafuu kwa kweli aliiona, na zaidi ya mikarafuu, maana ilikuwa msimu na njia ya zamani ya Wete imetandazwa majamvi pembeni, karafuu zinakauka, gari inapita pole pole usije ukawakanyagia watu pesa yao. Harufu mpaka ndani ya nguo.

Kituo cha kwanza Kidike. Pale ndio kwenye popo, na wanaopaendesha ni wanakijiji wenyewe, unalipa kiingilio kidogo unapewa mtu wa kukutembeza, sisi tulipata mzee mmoja mcheshi sana. Kabla hujawaona unawasikia, kelele za ugomvi juu ya miti, huyu anamsukuma yule, yule anatukana kipopo, halafu unainua kichwa unaona matawi yamejaa kama mafenesi yaliyovaa makoti meusi. Huyu si yule popo mdogo wa kwenye dari. Manyoya yake mekundu mekundu, sura kama ya mbwa, na akifungua mabawa ni zaidi ya mita moja na nusu toka ncha mpaka ncha. Mmoja aliruka juu yetu mchana kweupe nikainama bila kupenda. Mzee akasema huyu anatumia macho na pua, mambo ya kutafuta njia kwa mwangwi si yake, na chakula chake ni maembe, mashelisheli, tini za mwituni, anakula huku anakwenda kunya mbegu kule, msitu unaota.

Shemegi akauliza, "Mzee, shikamoo tena, lakini popo si wapo kila mahala?"

"Marahaba mwanangu. Huyu nje ya Pemba hayupo, dunia nzima."

Na kweli. Jamaa zake wako Mafia, Komoro, Madagaska, Ushelisheli, wengine huko India, lakini Afrika bara hakuna hata mmoja. Mzee hakuficha kitu, akasema, "Sisi zamani tukimla huyu." Wakiwanasa kwa nyavu, baadae zikaja bunduki, na huku misitu inakatwa, mpaka ilipofika 1989 watafiti walipokuja kumtafuta wakaona wachache wa kuhesabu. 1996 akaorodheshwa kwenye kundi la wanyama walio karibu kabisa kutoweka. Miaka hiyo hiyo ya tisini ndio watu wa misitu wa serikali na wahifadhi kutoka Uingereza wakakaa na wanavijiji, zikaundwa klabu za kumlinda, watoto wakafundishwa maskulini, na leo wako maelfu kwa maelfu. Halafu kuna jambo mie nililipenda zaidi, mengi ya makao yao yamo kwenye vichaka vya makaburi, pale ambapo Mpemba hathubutu kukata mti hata umlipe, kwa hiyo kabla ya mradi wowote popo walikuwa washasitiriwa na wafu.

Kutoka hapo moja kwa moja Konde, halafu Ngezi. Barabara inaingia msituni ghafla, jua linapotea, baridi. Huu ndio msitu mkubwa uliobaki kisiwani, kwengine kote karafuu na mashamba yameshakula. Mivule mikubwa, mijoho, na mpapindi ambao ni mnazi mnazi hivi mwembamba, nao ni wa Pemba tu na ndugu zake wote wako Madagaska na Komoro. Kijana wa msituni akatueleza kwa nini: mkondo kati ya Pemba na bara una kina cha zaidi ya mita mia saba, kisiwa kilijitenga mamilioni ya miaka iliyopita, wakati Unguja imeachana na bara juzi juzi tu bahari ilipopanda, kama miaka elfu kumi hivi. Ndio maana Unguja ilikuwa na chui, na ina kima punju, wale kima wenye mgongo mwekundu, na Pemba haina chui. Kima punju waliomo Ngezi waliletwa kutoka Jozani, msitu wa kule Unguja, miaka ya sabini. Hatukuwaona, tuliona tumbili na paa mmoja aliyekimbia kabla sijatoa simu.

Sasa shemegi, muda wote huo yuko poa tu, tukafika sehemu ya mchanga mweupe ambapo miti mikubwa inaisha, kuna vichaka vifupi vya vijani vyembamba, akasimama. Akashika tawi. Akasema hii haiwezekani, jamaa wa mti huu mie nakutana nao Kilimanjaro ukishatoka msituni, huko juu kwenye baridi, hapa bahari iko karibu hivi unafanya nini? Kijana akacheka, akasema mchanga wenyewe hauna rutuba, mengine hayawezi. Basi toka hapo shemegi akawa ndio anatuongoza sisi, kila jani anauliza.

Vumawimbi tukala samaki na madafu, tukaoga, ufukwe mrefu na watu hakuna, sina la kuongeza.

Magharibi tukarudi Ngezi kwa ajili ya bundi, maana Pemba ina bundi wake mdogo, naye hapatikani kwengine. Dada akagoma kushuka garini. Bundi, tena Pemba, tena magharibi, ati mna akili nyie? Akafunga vioo akawasha redio ya Kurani. Tukamsikia tu, hu moja, kimya, hu nyengine, tochi haikumpata. Kijana akasema usiku mkubwa ndio wakati wake, mje mlale Konde. Shemegi akaanza kuulizia bei za vyumba na kama wageni wake wa Lengai anaweza kuwaleta, na dada huku nyuma ya kioo anamwambia kwa ishara akitaka kulala huku alale peke yake.