Nilivyoipata nuru ya Kepler-7b nikiwa Busia

Mi nakaa Busia upande wa Uganda, na kwa miezi minne kila usiku nilikuwa nasaka nuru ya sayari moja inaitwa Kepler-7b. Darubini sina. Ile darubini ya angani iitwayo Kepler ilishapima mwanga wa nyota yake toka 2009 mpaka 2013, kila nusu saa hivi, na data ziko wazi bure, kwa hiyo we unahitaji laptop yenye Python, lugha ya kuandikia programu, na bando la usiku basi.

Hii sayari ni jitu la gesi, uzito haufiki nusu ya Mshtarii lakini kwa upana inaizidi kama mara moja na nusu, na inamaliza mzunguko kwa siku 4.9 tu. Majitu ya hivi, yanayokaa karibu na nyota, mengi ni meusi, mfano TrES-2b inarudisha chini ya asilimia 1 ya mwanga unaoipiga, yaani makaa yana afadhali! Kepler-7b inarudisha kama theluthi. Ni kama mabati mapya kando ya mabati ya jikoni yaliyokula moshi, jua ni lile lile lakini haya mapya yanakuumiza macho.

Sasa nuru yake huwezi kuitenga, imechanganyika na ya nyota. Unasubiri sayari ijifiche nyuma ya nyota, mwanga wa jumla unashuka kidogo, na kile kilichopungua ndio mchango wa sayari. Ni sehemu 40 na kitu kwa milioni. Nikailalisha mizunguko yote moja juu ya nyingine nikachukua wastani, maana kwenye mzunguko mmoja huoni kitu.

Kilichonitesa ni amri ya kunyoosha grafu, ile ya kuondoa mayumbo ya darubini. Niliiacha na dirisha, yaani kipande cha muda inachokisawazisha kwa mara moja, la kama siku mbili, mstari ukatoka umenyooka kama uzi nikafurahi, kumbe nimefuta nilichokuwa natafuta, sababu nuru ya sayari inapanda na kushuka pole pole kwa hizo siku karibu tano! Wiki tatu zikaenda hapo. Nikarefusha dirisha mpaka siku kumi, nikaficha pointi za sayari ikipita mbele ya nyota, nikaanza upya.

Usiku huo umeme ulikuwa umekatika, betri iko asilimia 11, na kilima kikatokea kwenye grafu. Kilele chake hakiko katikati, kimechelewa, kinakuja baada ya sayari kujificha. Nilijua maana yake, kwa sababu wanasayansi walishaieleza 2013: upande wa magharibi ndio unaong'aa, kuna mawingu, na kwa vile darubini ya Spitzer haikukuta joto la kutosha kueleza mng'ao huo, basi ni mwanga wa nyota unaorudishwa.

Nikamwamsha mama. Akaangalia skrini akauliza kama ni mawingu ya mvua, nikamwambia hapana mama, huko joto linapita nyuzi 1,000, yanadhaniwa ni ya madini kama yale ya kwenye mawe. Akakaa na mimi mpaka betri ikaisha.