Jinsi nilivyoacha kuhangaika ndege wangu akiumia

Kasuku wangu mdogo alinasa kucha kwenye waya wa tundu, ikavunjika. Nikawa nakimbia huku na huku kutafuta pamba, damu inadondoka. Ndege wa gramu 30 ana takriban mililita 3 tu za damu mwili mzima, kwa hiyo si mchezo. Niliikandamiza kucha kwa kitambaa mpaka damu ikakata.

Kesho yake nikachukua kopo lenye mfuniko, liwe la huduma ya kwanza ya ndege. Cha kwanza kuingia: wanga wa mahindi, wa kubandika kwenye kucha inayovuja damu. Kisha taulo dogo la kumshikia (usimbane kifua, atashindwa kupumua), shashi, kibano, na mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Ndege huficha ugonjwa, ila uzito humsaliti. Marhamu ya mafuta niliyokuwa nayo niliitoa, maana hugandisha manyoya na yakiganda hayatunzi joto. Dawa za maumivu za binadamu sikuweka kabisa.

Namba ya daktari wa mifugo anayejua ndege nimeibandika juu ya mfuniko. Wiki iliyopita kucha nyingine ilivunjika. Damu ilikata kabla kasuku hajamaliza kunipigia kelele.