Tarehe za samaki ziligeuka namba: nilivyozirudisha kati ya R na SQLite

Kumbukumbu za samaki wanaoshushwa hapa Malindi, changu, tafi na nguru, nazitunza katika SQLite, hifadhidata ya faili moja, na kuzichambua kwa R, lugha ya programu ya takwimu. Nilipozisoma tena, 1 Januari 2024 ilirudi ikiwa 19723.

Namba hiyo si uharibifu. SQLite haina aina ya tarehe. R nayo huhesabu siku tangu 1 Januari 1970, na hesabu hiyo ndiyo iliyohifadhiwa. Dawa ni kufungua muunganisho hivi kabla ya kuandika jedwali:

dbConnect(RSQLite::SQLite(), "samaki.db", extended_types = TRUE)

Safu hutangazwa kuwa DATE, na ikisomwa hurudi tarehe kamili. Jedwali la zamani liandikwe upya, maana tangazo lake halibadiliki lenyewe.

Msimu ndio ulionisumbua zaidi. Katika R msimu ni faktori, yaani data ya makundi yenye mpangilio wake; SQLite huihifadhi kama maandishi matupu, na mpangilio hupotea: grafu ikaanza na demani, ikafuata kaskazi, kisha kusi, kwa alfabeti. Mvuvi yeyote angeikataa, na haki angekuwa nayo. Nikaweka jedwali dogo la misimu lenye safu ya nafasi, na kila ninaposoma naijenga upya faktori kwa levels, yaani orodha ya makundi kwa mpangilio wake. TRUE na FALSE hurudi 1 na 0, hapo as.logical() inatosha.